Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Waziri wa TAMISEMI: Dharau ya hospitali za serikali imelelewa na Serikali yenyewe

Temeke, Dar es Salaam

KWA:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais – TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa).

NAKALA:
Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam;
Waganga Wakuu wa halmashauri zote tano za mkoa.

YAH: WANANCHI KUZIKIMBIA HOSPITALI ZA SERIKALI NA KUUMIZWA NA ZA BINAFSI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu huko ndani nimeshasema nikachoka. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo kimoja cha afya cha serikali hapa Temeke, nikiwakilisha watumiaji wa huduma. Haya nitakayoyaeleza niliyasema vikaoni, yakaandikwa kwenye muhtasari, muhtasari ukafungiwa kabatini. Nikamwandikia mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Nikaandika halmashauri, nikajibiwa kwa mdomo kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Muda wangu kwenye kamati umeshakwisha, na sijui huko kufanyiwa kazi nako kumeishia wapi.

Sikuandika ili nizitukane hospitali za serikali. Kazi hiyo ina watu wa kutosha. Panda gari ya Mbagala asubuhi, mama akiulizwa mtoto anampeleka wapi akajibu ya serikali, utasikia kiti cha nyuma: "Huko utashinda kutwa, mpeleke praiveti." Na wanaosema hivyo si matajiri. Ni wauza mitumba, mafundi, walinzi, watu ambao elfu ishirini ya kumwona daktari wanaikopa. Ninachotaka mkisikie ni kwamba dharau hii haikuzuka yenyewe mitaani. Tumefundishwa, na darasa lenyewe liliendeshwa na wenye mamlaka ambao viti vyao mmevirithi nyinyi.

Mji huu ulianza na tiba ya mafungu mawili. Mwaka 1897 Wajerumani walikuwa na hospitali yao ya Ocean Road, yenye upepo wa bahari, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi wasio na uwezo walikwenda hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la mfanyabiashara aliyetoa fedha za kuijenga. Baada ya uhuru tuliambiwa hilo limekwisha. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwaka 1977 sheria ikazuia tiba ya kutafuta faida, zikabaki hospitali za serikali na za mashirika ya dini. Mwaka 1991 sheria ikalegezwa, hospitali za binafsi zikaruhusiwa. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji, mgonjwa akaanza kulipia hata kwenye hospitali ya serikali. Yapangeni hayo mawili ya mwisho kwa mfuatano muone mwananchi alisikia nini: sasa unaweza kununua tiba kwingine, na hapa pia utanunua. Tangu hapo akawa anapima bei na huduma kama mnunuzi yeyote. Hamkumwandaa yeye, na hamkuziandaa hospitali zenu kushindanishwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kadi ya Serikali inaikimbia hospitali ya Serikali.

Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri wake, yaani Serikali, anaongeza asilimia 3 nyingine. Sasa muulizeni mtumishi yeyote wa mjini hapa, awe mwalimu, karani wa mahakama au afisa wa wizara zenu, usiku mtoto akichemka homa anaipeleka wapi hiyo kadi. Wengi watawatajia hospitali ya binafsi.

Machi 2024 Mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali nyingi za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake zikisema bei hizo haziwalipi. Serikali ikawaelekeza wanachama waende vituo vya umma na vya mashirika ya dini. Mnaikumbuka taharuki ile? Watu walizungumza kana kwamba tiba imefungwa nchini, na huku hospitali za Serikali za Muhimbili, Amana, Temeke na Mwananyamala ziko wazi. Mimi naiita kura ya maoni ambayo hakuna aliyeiitisha. Mjadala wote ulikwenda kwenye bei: nani alipwe ngapi kwa kipimo gani. Sikusikia kiongozi hata mmoja akiuliza kwa nini watu wenye kadi ya Serikali, wengi wao watumishi wa Serikali, walipoambiwa waende hospitali ya Serikali waliona wameadhibiwa.

Bosi wa idara akimpita mganga wa zahanati ya mtaani kwake kila siku bila kumsalimia, akaenda kutibiwa mafua Upanga, dereva wake anaona. Dereva akirudi nyumbani Yombo anamwambia mkewe. Somo limefika.

2. "Dawa hakuna, kanunue nje."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwenye kamati ndipo nilipojifunza safari ya kidonge. Kituo kinaagiza Bohari ya Dawa, MSD, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1993. Bohari ikikosa, inathibitisha kwamba haina, na kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yule muuzaji aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa chini ya utaratibu wa Jazia. Na tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo bila kupitia mikono mingi. Kwenye karatasi, shimo limezibwa pande zote.

Kinachotokea ni hiki. Oda inachelewa kwa sababu anayehusika na dawa ndiye huyohuyo anayegawa dawa dirishani tangu asubuhi. Uthibitisho wa Bohari unachukua siku zake. Malipo ya mshitiri yanasubiri saini ya mtu aliye semina. Hakuna katika hao anayeona amefanya kosa, na ukimuuliza kila mmoja ana sababu ya haki. Mgonjwa dirishani haelezwi lolote kati ya hayo. Anapewa maneno manne, na cheti chake kinarudishwa kupitia tundu la kioo.

Kisha anatoka getini. Mbele ya karibu kila hospitali ya serikali ya mji huu kuna safu ya maduka ya dawa, na dawa aliyoikosa ndani ipo kwenye duka la kwanza au la pili. Sisemi dawa zinatoka ndani kwenda nje. Sina ushahidi huo na sitamzulia mtu. Nasema mwananchi aliyevuka barabara akaikuta hahitaji ushahidi. Ameshahukumu, na hukumu yake haikatiwi rufaa.

Vikaoni tulikuwa tunasomewa taarifa ya upatikanaji wa dawa, na asilimia siku zote ilikuwa ya kupendeza. Nilipouliza inapimwaje nikaambiwa zinahesabiwa dawa chache teule ambazo ndizo kiashiria. Sawa. Lakini bibi wa Tandika mwenye presha na sukari hajaja kutafuta kiashiria, ametumwa na daktari wenu dawa zenye majina. Mzee wa miaka zaidi ya 60 asiye na uwezo anahudumiwa bure kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007, amepewa hata dirisha lake lenye maandishi ya wazee kwanza. Anafika dirishani kwanza, na anaambiwa hakuna kabla ya wengine wote.

3. Daktari ni yuleyule.

Wanaosema hospitali za binafsi zina madaktari bora hawajasoma majina milangoni. Mabingwa wengi wanaotuona jioni kwenye hospitali za binafsi ni waajiriwa wa Serikali, asubuhi wako wodini kwenu. Mgonjwa mjanja wa Dar es Salaam anajua, akimaliza kuonwa anauliza kwa sauti ya chini, "Dokta, jioni nakupata wapi?" Dokta anataja.

Na tazameni jambo hili la ajabu katika tabia yetu. Kwa malaria na kuhara tunaikimbia Serikali. Kwa moyo tunaililia nafasi Taasisi ya Jakaya Kikwete, kwa saratani tunakwenda Ocean Road, kwa mfupa uliovunjwa na bodaboda tunakwenda MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wala hatuulizi kama kuna foleni. Novemba 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, na aliyefanya hivyo ni hospitali ya serikali. Mwaka 2020 korona ilipoingia, Amana ndiyo iliyogeuzwa kituo cha wagonjwa. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoupiga mji, kambi zilikuwa za Serikali. Kwa hiyo msiambiwe na wataalamu wenu kwamba wananchi hawaamini utaalamu wa Serikali. Tunauamini pale maisha yanapokuwa hatarini. Tusichoamini ni kwamba ukifika na homa ya kawaida, saa nne asubuhi, huna jina wala mtu unayefahamiana naye ndani, kuna atakayekutazama.

Utaratibu wa kliniki za kulipia ndani ya hospitali hizohizo za serikali naujua sababu yake: kuwabakiza mabingwa na kuongeza mapato. Migomo ya madaktari ya mwaka 2012 ilituonyesha sote kwamba daktari aliyekata tamaa naye ana kikomo. Sipingi. Ninachouliza ni nani anayelinda upande wa pili wa ukuta. Bingwa akihama chumba kwenda kwa wanaolipia zaidi, waliobaki kwenye mabenchi wanaambiwa nini, na nani anayehesabu saa zake? Kama hesabu hiyo ipo, itolewe. Kwa sasa tunachoona sisi ni mlango wa fedha na mlango wa wengine, ndani ya geti moja, na geti lenyewe lina nembo ya Taifa.

4. Wodi ya wazazi.

Nina la kuwapongeza hapa, na silisemi kwa kujipendekeza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Waliofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni wakunga wa Serikali, na ile namba ya 115 ya m-mama ya kumkimbiza mzazi hospitali ni jambo jema kabisa.

Ila mama wa Mbagala anaisikia takwimu hiyo redioni huku anapanga kapu. Sera inasema kujifungua ni bure. Orodha aliyoandikiwa kliniki inasema glavu, pamba, nyuzi, mpira wa kulalia, nguo za mtoto, na asiyekuja navyo atatumwa ndugu yake usiku akavinunue. Nguo za mtoto zilikuwa za kwetu siku zote, haina shida. Nyuzi za kumshona mtu ni za hospitali.

Kuhusu lugha ya baadhi ya wauguzi sitaandika mengi, kwa sababu mnaijua. Wake zenu na dada zenu wamewahi kuisikia kabla hamjapata vyeo. Nitasema tu kwamba wauguzi wawili usiku kucha kwenye wodi iliyojaa hadi wazazi wanalala mzungu wa nne, huyo anayetukana naye ameumizwa na mtu. Aliyemuumiza ni mwenye ikama, yule anayepanga idadi ya watumishi.

5. Binafsi nako si peponi.

Mwenye kudhani barua hii ni tangazo la biashara la hospitali za binafsi asome hapa. Nimeuguza kwenye hospitali ya binafsi, sitaitaja, na majirani zangu wamezizunguka nyingi. Kiyoyozi kipo, "karibu mama" ipo, dawa ipo. Bei haipo. Namaanisha haipo ukutani, haipo kwenye karatasi, hakuna atakayekwambia kabla. Unaanza na ada ya kumwona daktari, unaandikiwa vipimo vinne kwa homa moja, kimojawapo ulikifanya wiki iliyopita kwingine na majibu unayo mkononi, lakini hapa wanaamini mashine yao tu. Ukilazwa, dipoziti kwanza. Fedha ikiisha kabla ya ugonjwa, ndipo unapoona upande wa pili wa ule ukarimu.

Na kuna hili ambalo watu wenye kusifia praiveti hawalitaji: ugonjwa ukiwa mzito kupita uwezo wa kituo, au mfuko wa mgonjwa ukikauka, ambulensi inaelekea wapi? Amana. Mwananyamala. Muhimbili. Anafika amechelewa, amedhoofika, familia imeshauza kiwanja cha Chanika. Akifia mikononi mwa daktari wa serikali, mtaani itasemwa ameuawa na hospitali ya serikali. Kituo kilichomkalia wiki nzima hakitatajwa hata kwenye maneno ya msibani. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kuwa sawa, na nyinyi ndio wenye rejista za rufaa za kuionyesha. Hamjawahi kutuonyesha.

Mwaka 2015 Serikali ilianza kuvipima vituo vya ngazi ya msingi kwa nyota, vya umma na vya binafsi kwa pamoja, lengo likiwa angalau nyota tatu, na vichache mno vilifika. Kwa hiyo kipimo cha pamoja mlikuwa nacho. Mngezibandika nyota hizo milangoni, za umma na za binafsi, watu wangeacha kuchagua kwa kuangalia vigae.

6. Malalamiko hayana mwenyewe.

Hospitali za rufaa za mkoa zilihamishiwa Wizara ya Afya. Hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati ziko chini ya halmashauri, maana yake TAMISEMI. Mganga mfawidhi anasema dawa ni suala la Bohari, Bohari wanasema ni suala la madeni, halmashauri wanasema ajira ni za ofisi ya Utumishi. Ukilalamikia daktari unaelekezwa Baraza la Madaktari, muuguzi ana baraza lake, mfamasia lake, hospitali ya binafsi ina bodi yake ya ushauri. Vyombo vyote hivyo ni vya haki na vina kazi yake. Lakini mtu wa Keko aliyefiwa jana ataanzia wapi? Anaanzia sanduku la maoni, na nimewahi kuwa kwenye kamati: ufunguo wa sanduku letu ulikuwa umepotea.

Ndiyo maana barua hii ina anwani mbili.

Najua mtakayojibu. Niyaseme mapema tuokoe muda.

Mtasema mmejenga. Ni kweli mmejenga, macho tunayo. Kila ninapouliza kuhusu huduma najibiwa majengo, mashine za CT-scan, magari ya wagonjwa, thamani yake kwa mabilioni. Hakuna aliyeikimbia hospitali ya serikali kwa sababu ukuta wake ni mbovu. Watu wanapanga foleni kwenye zahanati za dini zenye bati lililopinda kwa sababu sista anawajibu wanachouliza.

Mtasema wagonjwa ni wengi. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta 5,383,728 mkoa huu, na hiyo ni miaka kadhaa nyuma. Wingi unaeleza kwa nini nasubiri. Haunielezi kwa nini nikisubiri siambiwi nasubiri nini.

Mtasema bajeti. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikubaliana kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Hilo kaulizaneni wenyewe kwa wenyewe kwenye Baraza la Mawaziri. Lakini ubao wa kuwaandikia wagonjwa dawa zilizokosekana, ambao nitauomba hapo chini, ni chaki tu.

Mtasema, na hili nilishaambiwa usoni na ofisa mmoja, kwamba wananchi wanapenda praiveti kwa maringo. Mwuza mchicha hana maringo ya elfu ishirini. Analipa hiyo fedha kununua muda: akikaa kutwa nzima kwenye benchi lenu, genge limefungwa na jioni watoto hawali. Ukipiga hesabu zake vizuri utakuta hospitali yenu ya bei nafuu ni ghali kuliko ile ya barabarani. Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa vitambaa, hesabu hiyo naifanya kila mtu wa nyumbani kwangu anapougua.

Na mtasema Bima ya Afya kwa Wote itamaliza yote. Hapa ndipo ninapowasihi msikie, maana ndiyo sababu hasa ya barua hii kuandikwa sasa. Bunge lilipitisha sheria hiyo Novemba 2023. Naiunga mkono. Lakini bima ni kulipa leo kwa ajili ya huduma ya kesho, na hakuna mtu anayelipa mapema kwa mahali asipopaamini. Mwaka 2023 Mfuko ulisitisha kusajili watoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400, kwa hoja kwamba wazazi wanawasajili walio wagonjwa tayari. Ni kweli ndivyo walivyofanya! Mwenye mtoto mzima haoni anachonunua, kwa sababu kadi inamfikisha dirishani, na dirishani kuna yale maneno manne. Mkiwakusanyia watu michango kabla ya kurekebisha dirisha, wenye afya watajificha, wagonjwa watajaa, na mtarudi kutuambia Mfuko unayumba kwa sababu ya wananchi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na mengi yake hayahitaji fungu jipya.

a) Kila kituo cha umma kiandike kila asubuhi, kwenye ubao ulio mbele ya dirisha la dawa, dawa zilizokosekana, tarehe zilipoagizwa na zinakotarajiwa kutoka, Bohari au kwa mshitiri. Mganga mfawidhi atie saini.

b) Kila hospitali ya binafsi ibandike bei za huduma zake za kawaida mapokezi, na itoe makadirio kwa maandishi kabla ya kulaza, isipokuwa kwa dharura. Isiyofanya hivyo leseni yake iulizwe.

c) Dawati moja la malalamiko kwa mkoa mzima, la wizara zote mbili, la umma na la binafsi. Wao ndio wajue suala liende baraza gani. Mlalamikaji ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14, hata kama jibu ni kwamba hana haki.

d) Rejista za rufaa zitolewe kwa umma kwa muhtasari, bila majina ya wagonjwa: waliotoka kituo gani, walifika katika hali gani.

e) Mihtasari ya kamati za usimamizi isomwe kwenye mikutano ya mitaa. Wajumbe tunachaguliwa kwa niaba ya watu, halafu tunaagizwa tusitoe siri za kituo.

f) Viongozi wa mkoa huu, kuanzia wakuu wa idara kwenda juu, waanzie matibabu yao kwenye kituo cha serikali cha kata wanayoishi, kwa mwaka mmoja. Waende bila msafara, bila kupiga simu kwanza, bila wapiga picha. Wakae kwenye benchi. Silitaki kama adhabu. Nataka waripoti walichokiona, kwa sababu yangu hawakuyasoma.

Hilo la mwisho najua litachekwa. Naomba lijibiwe hata hivyo, pamoja na mengine, na majibu yawe ya maandishi. Jina langu kamili na anwani mnavyo kwenye barua zilizotangulia hii.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Temeke,
aliyekuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo cha afya